Maisha ya Mama Mizani, Aliyewaonea Wivu Wenzake Wote

Alizaliwa tarehe nane ya mwezi wa pili, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, seremala wa milango na vitanda. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Mama yake alishona nguo za watu kwa cherehani iliyowekwa dirishani ili kupata mwanga, na dada yake alimtangulia kwa miaka miwili na, kama alivyoona mwenyewe tangu alipoanza kuona, kwa kila kitu kingine. Wakati wa chakula hakutia tonge kinywani mpaka atazame sahani ya dada, kisha yake, kisha ya dada tena, na baba akamwita Mizani kwa utani. Jina likamganda. Hata alipovaa shela na kupewa jina la kitawa, hakuna aliyelitumia. Wapo waandishi wanaopenda kusimulia kwamba watakatifu, wakiwa wachanga, walikataa kunyonya siku ya Ijumaa. Huyu alinyonya siku zote, na alilia akiona mwingine amebebwa.

Wivu wake haukuwa wa kawaida, na ni vizuri msomaji alijue hilo mapema. Watoto wengi huona gere kwa vitu: gauni, kiatu, kipande kikubwa cha nyama. Mizani alionea gere uwezo. Siku moja mama alimsifu dada kwa blauzi aliyoishona, na Mizani akaenda kujificha chini ya benchi la baba, kwenye maranda, akinuna. Mama akainama akamuuliza, "Kinachokuuma ni nini, mwanangu?" Mtoto akajibu huku akilia, "Dada anajua pa kukata kabla hajashika mkasi. Mimi napajua nikishakata." Kwenye nguo za wateja mama alikuwa akimpa binti yake mkubwa kazi ya kutia vifungo tu, wala hakuwahi kuliona jambo hilo. Kuanzia kesho yake alimkabidhi mkasi, na haikupita miaka mingi dada akawa mkataji anayetafutwa na mafundi wa mtaa mzima. Kwa hiyo Mizani, kwa husuda yake mwenyewe, alimpa dada mkasi mkononi. Alipotambua hivyo akalia zaidi.

Wito wake nao ulikuja kwa njia hiyohiyo, wala hakuna haja ya kuupamba. Dada alipotimiza miaka kumi na minane alitangaza mezani kwamba anataka kuwa mtawa. Dada kuwa na sauti nzuri, sawa. Kuwa na mikono ya kushona, haya. Lakini Mungu naye amchague dada kwanza? Hilo Mizani hakuweza kulimeza. Wiki iliyofuata akasema kwamba yeye pia ameitwa. "Umeitwa na nani?" baba akauliza. "Na huyohuyo," akajibu. Wakaenda wote wawili. Kabla mwaka haujaisha, dada alirudi nyumbani akaolewa na fundi saa, akawa na furaha tele, na Mizani akajikuta hana wa kushindana naye. Alifunga mzigo wake, akafika mpaka getini. Pale getini akakumbuka kwamba asubuhi ile alikuwa amepiga deki ukumbi wote huku akiimba, na hakuwa akimwimbia mtu. Akarudi ndani, akafungua mzigo. Mungu huvua kwa ndoano yoyote aliyo nayo mkononi.

Shirika alilojiunga nalo liliendesha nyumba ya wazazi, mahali pa kina mama kujifungulia. Wodi ilikuwa ndefu, yenye vitanda pande mbili na madirisha makubwa yaliyotazama ua wa kuanikia nguo. Nyuma ya ua kulikuwa na jiko, chumba cha kufulia na vyumba vya masista, na kila pembe ilinukia sabuni na dawa ya kusafishia. Daktari alikuja mara mbili kwa wiki. Siku nyingine zote kazi ilikuwa ya masista wenyewe, ambao wote walifundishwa ukunga, kila mmoja kwa kiasi alichoweza kushika. Tena palikuwa na desturi moja ambayo sijaisikia katika nyumba nyingine yoyote. Kila mwanzo wa mwaka kazi ziligawanywa kwa kura. Vipande vya mbao vilitiwa ndani ya sufuria kubwa, kimoja kimechorwa kijiko, kingine ufunguo, kingine sabuni, kingine kitanda cha mtoto, na kila sista alitia mkono huku amefumba macho. Mwanzilishi wa shirika aliamini kwamba mtu akizoea kufanya jambo vizuri atajisifu, na kwamba dawa ya majisifu ni kumhamisha. Ndiyo maana mpishi hodari alipelekwa getini, na bawabu mwenye maneno matamu akapelekwa kufua. Ilikuwa nyumba yenye unyenyekevu mwingi na chakula cha kuungua.

Aliyeingia mwaka mmoja na Mizani alikuwa binti mnene, mtulivu, ambaye wenzake walimwita Sista Polepole. Alikula polepole, alisali polepole, na alipokuwa akipanda ngazi wenzake waliweza kupanda, kushuka na kupanda tena kabla hajafika. Lakini mwaka Polepole alioangukiwa na kura ya wodi, Mizani alipata ugonjwa wa wivu ambao hakupona mpaka kufa. Alimwona Polepole akikaa kando ya mama mwenye uchungu bila kusema kitu, ameweka kiganja mgongoni, na yule mama aliyekuwa akipiga mayowe anaanza kupumua vizuri. Alimwona akigusa tumbo na kusema, "Bado kidogo," na kweli ikawa bado kidogo. Masista wengine walisema tu kwamba Polepole ana mkono mzuri. Mizani, ambaye roho ilimuuma, alijua zaidi: kwamba Polepole husikiliza kwa kiganja, kwamba hana haraka ya kuonekana anafanya jambo, kwamba hofu ya mgonjwa humwingia na kukaa ndani yake bila kumtikisa. Alijaribu kuiga. Aliweka kiganja mgongoni kwa mama mmoja, na mama yule akamwambia, "Sista, unanichimba."

Mama Mkuu wa wakati ule, mwanamke mwenye busara na maneno machache, alitumia kipengele kimoja cha kanuni kilichomruhusu kumhamisha sista yeyote kwa ajili ya usalama wa mgonjwa. Kura ilipigwa kila mwaka, na kila mwaka Polepole, akipata kijiko au ufunguo, alirudishwa wodini kimyakimya. Mama Mkuu huyo alipofariki, masista walimchagua Mizani ashike nafasi yake. Walimchagua kwa kuwa alichapa kazi bila kuchoka, na kwa kuwa yaliyokuwa moyoni mwake hayakuwahi kufika usoni. Walikula kiapo mbele yake, wakambusu mkono. Polepole alikuwa wa mwisho, kama ilivyotarajiwa, akamwambia kwa upendo wa kweli, "Mwenzangu, Mungu akutie nguvu." Mizani alimshukuru, akijiuliza kwa nini hata baraka za huyu mtu ni nzuri kuliko za wengine.

Mwanzo wa mwaka uliofuata, Polepole alitia mkono ndani ya sufuria akatoa kipande chenye mchoro wa sabuni. Mizani akaona, na moyo wake ukacheza ngoma. Hakufanya lolote. Hiyo ndiyo dhambi yote kwa ukamilifu wake: hakufanya lolote. Wodi ilimwangukia Sista Hesabu, aliyeitwa hivyo kwa sababu aliweza kujumlisha kichwani kuliko karani yeyote. Mtu mwema, mkweli, ambaye mikono yake ilitetemeka kila alipoona damu. Daktari alikuja siku ya kwanza, akatazama huku na huku, kisha akaenda ofisini. "Mama, mrudishe yule," akasema. Mizani akainua uso. "Kura ni kura, Daktari. Sisi hapa hatuchagui." Daktari akamwambia kwamba aliyetangulia alikuwa akichagua. Mizani akajibu kwamba kila mwamba ngoma huvutia kwake, na kwamba yeye havutii kokote. Akajiona mtu wa haki sana. Kule chumba cha kufulia Polepole alifua shuka kwa mwendo wake uleule, nguo hazikukauka, na wazazi wakalazwa kwenye shuka zenye unyevu. Wenzake wakaanza kunung'unika, na Mizani aliyasikia manung'uniko hayo kama mtu anayesikia wimbo anaoupenda.

Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa sita, mchana, mke wa fundi viatu aliletwa na mumewe kujifungua mtoto wake wa kwanza. Alikuwa mwanamke mchangamfu. Aliingia akiwatania masista kwamba mumewe ameshamshonea mtoto viatu na hata miguu yake bado haijaonekana. Kwa muda alilia kama wanavyolia wazazi wote, kisha akanyamaza. Sista Hesabu alidhani amepata nafuu. Uani, upande wa pili wa dirisha, Polepole alikuwa akianika shuka. Aliposikia ukimya ule alikuja kwa haraka ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwake, mikono inachuruzika maji, akamkuta Mama Mizani mlangoni. "Mama, yule mgonjwa amenyamaza," akasema. "Siyo kunyamaza kuzuri. Niruhusu nimguse tumbo tu." Mizani aliutazama uso ule. Aliujua. Alikuwa ameuonea wivu miaka mingi, akaujifunza kama mtu anavyojifunza sala, na katika nyumba nzima hakuna aliyejua kama yeye kwamba Polepole akiwa na uso ule hakosei. Akasema, "Kazi yako ni sabuni, Sista. Wodi ina mwenyewe."

Polepole alikuwa na nadhiri ya utii, akarudi uani. Hakuanika kitu. Alisimama ameshika shuka iliyolowa mpaka ikamwagikia maji yote miguuni. Mizani naye alisimama pale mlangoni, akijua, akisubiri jambo ambalo hata yeye hakuweza kulitaja, mpaka Sista Hesabu alipotoka na uso wa jivu. "Mama, tumbo limekuwa gumu kama ubao. Nimefanya yote niliyofundishwa. Sijui tena." Ndipo Mizani akapaza sauti kumwita Polepole. Mikono ile ilimwokoa mama. Mtoto, wa kiume, mwenye nywele nyingi, alitoka akiwa hana uhai. Daktari alipofika alisema kwamba damu ilikuwa imejikusanya ndani, na kwamba mtoto angewahiwa mapema kidogo labda angepona. Alisema labda. Mizani hakuhitaji labda.

Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, lakini haya hayakungoja mpaka awe bibi. Kilichomtesa zaidi ni kwamba Polepole hakumlaumu. Alimwosha mtoto, akamfunga vizuri, akampa mama yake amshike kwa muda aliotaka. Mizani aliyatazama hayo yote na, Mungu amrehemu, hata wakati ule aliona wivu kwa namna alivyomfunga. Alipojigundua hivyo, alishikwa na hofu ya nafsi yake, akatoka wodini mbio. Siku ya tatu alikwenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa fundi viatu, chumba kimoja chenye harufu ya ngozi na gundi, viatu vya wateja vimepangwa ukutani. Hakukaa. "Aliyejua hatari alikuja mlangoni, nikamrudisha," akasema. "Sikumrudisha kwa sababu ya kanuni. Nilimrudisha kwa wivu." Fundi aliweka nyundo chini. Mkewe, aliyekuwa amelala kitandani, akauliza, "Unataka nini kwetu?" Mizani akajibu, "Sitaki kitu. Nimekuja mjue." Mwanamke akasema, "Basi tumejua," akageukia ukutani.

Kutoka hapo alikwenda kuungama. Padri wa parokia alikuwa mzee mwenye haraka, asiyependa maungamo marefu. Mizani alipiga magoti akaanza na lile kubwa, kisha, kwa kuwa bwawa likishabomoka halichagui pa kupita, akayamwaga mengine yote. Kwamba anamwonea wivu sista wa jikoni, ambaye hujua chumvi kwa kunusa tu. Kwamba anamwonea wivu Sista Hesabu, ambaye namba humtii kama kuku wa kufugwa. Kwamba yupo bawabu mmoja anayeweza kumwambia mtu hapana na mtu akaondoka akimshukuru, na yeye angetoa jino kupata ulimi ule. Aliendelea hivyo mpaka padri akakohoa. "Bibi," akasema, "hili la kwanza nimelisikia, na kitubio chake utakibeba maisha yako yote. Lakini haya mengine, umekuja kuungama au kuwasifu wenzako? Huku ndani sijawahi kusikia masista wakisemwa vizuri hivi." Akampa ondoleo, akafunga kidirisha. Mizani alibaki amepiga magoti. Ilimjia kwamba ndani yake, chini ya uchungu wote ule, amebeba habari ambayo hakuna kiongozi mwingine wa nyumba ile aliyewahi kuwa nayo.

Siku hiyohiyo aliwaita masista wote kwenye chumba cha chakula, akaleta ile sufuria ya kura, akaiweka mezani. Aliwaambia alichokifanya mlangoni, bila kutia chumvi wala kupunguza. "Mficha uchi hazai," akasema, "na mimi nimejificha nyuma ya sufuria hii. Kuanzia leo itapikiwa." Kisha akazunguka meza, akisimama mbele ya kila mmoja, na kumwambia anamwonea wivu kwa lipi. Mwanzoni walicheka kwa aibu. Baadaye wengine wakalia, kwa sababu walikuwa wameishi miaka mingi bila mtu kuwaambia wana nini. Alipofika kwa sista mzee kuliko wote, ambaye kila kura aliyopata ilimshinda na ambaye alikuwa akisema hadharani kwamba yeye ni mzigo tu, Mizani aliinama. "Wewe unaweza kukaa na mtu aliyefiwa bila kutafuta neno la kusema. Mimi siwezi. Ningeweza, juzi nisingemkimbia yule mama wodini." Yule mzee akapewa kazi ya kukaa na wazazi waliopoteza watoto, na akaifanya mpaka alipoitwa na Mungu. Sista Hesabu akarudi kwenye hesabu akimshukuru Mungu. Mtu mmoja akauliza, "Na wewe, Mama, karama yako ni ipi?" Mizani akafikiri kwa uaminifu. "Sina. Mimi nina wivu tu." Ndipo Polepole, baada ya kungoja mpaka kila mtu alidhani hatasema, akasema, "Basi endelea nao."

Akaendelea nao. Yeyote anayetaka kusikia kwamba siku ile Mungu alimwondolea wivu wake, atafute kitabu kingine. Polepole alipofanywa mkuu wa wodi, sifa zake zilivuka mitaa, wazazi walikuja kutoka mbali wakimtaja yeye, mabinti wengi wakaitwa jina lake la ubatizo, na Askofu alipotembelea alimpita Mama Mkuu ukumbini akiuliza, "Yuko wapi yule sista wenu maarufu?" Chanda chema huvikwa pete, na Mizani ndiye aliyekuwa akiivisha pete hiyo kila siku kwa mkono wake mwenyewe, huku kidole chake kikiwa kitupu. Roho ikimchoma sana alikwenda stoo ya nguo, akakunja shuka mpaka atulie. Alijiwekea kanuni moja: asitoke stoo kabla hajajibu kwa maneno yaliyonyooka ni kitu gani hasa anachokionea wivu, na kabla hajaamua mwenye kitu hicho apewe nafasi gani. Masista walizoea kwamba Mama akitoka stoo na macho mekundu, kuna mtu atapewa kazi inayomfaa. Binti mmoja aliyeletwa kufundishwa ukunga, mwenye ulimi mkali, alimfokea msambazaji aliyeleta vyakula vibovu. Mizani akakunja shuka mbili, akamfanya mnunuzi wa mahitaji ya nyumba. Wanung'unikaji walisema watu sasa watajisifu. Aliwajibu kwamba mtu aliyeko mahali pake hana muda wa kujisifu, anayejisifu ni yule anayehofia kufukuzwa.

Jaribu lake la pili lilikuja uzeeni, na kwa maoni yangu lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Muda wake wa uongozi ulipokwisha, masista waliamua kumchagua Polepole awe Mama Mkuu. Lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Nani apewe heshima kama si yeye? Polepole hakukataa, kwa sababu hakuwa na desturi ya kukataa. Mizani alisali siku nyingi. Alijua kwamba Polepole akikaa ofisini, kila uamuzi utachukua mwezi, barua zitarundikana, masista watagombana bila mwamuzi, na wodi itabaki bila ile mikono. Lakini hata yeye alijiuliza: je, hili ni jicho langu linaloona, au ni kijicho changu cha zamani kimevaa shela? Siku ya uchaguzi alisimama. "Msimchague huyu," akasema.

Ukumbi ukavuma. Sista mmoja, ambaye hakuwa mbaya ila alikuwa amekasirika, akapaza sauti: "Mama, wivu huo! Miaka yote hii, bado tu?" Mizani akashika kiti. "Bado," akasema. "Ninamwonea wivu mikono yake. Ninamwonea wivu subira yake. Ninamwonea wivu hata anavyolala usingizi. Lakini nimejipekua siku nyingi, nikitafuta wivu juu ya uongozi wake, na sikuupata hata punje. Angekuwa nao, ingeniuma. Hainiumi." Wakatazamana. Wa kwanza kucheka alikuwa Polepole mwenyewe, kicheko kilichoanza taratibu na kuchukua muda kuisha. "Msikilizeni," akasema, akijifuta machozi. "Tangu tuwe wasichana, huyu ndiye peke yake anayenijua. Nilikuwa nimekubali kwa kuwaogopa nyinyi." Wakamuuliza Mizani ni nani basi anayemwonea wivu kwa uongozi. Akamwonyesha yule sista wa jikoni, ambaye kwa miaka mingi alilisha watu wenye midomo tofauti bila kumpendelea mmoja, na kumtaja kulimuuma vizuri. Walimchagua huyo, na nyumba haikuwahi kuongozwa vyema kama wakati wake, ukiwamo wakati wa Mizani. Aliishi kuliona hilo pia, na kulikunjia shuka.

Alitumia miaka yake ya mwisho stoo ya nguo chini ya amri ya Polepole, akipeleka shuka wodini. Kila tarehe kumi na mbili ya mwezi wa sita alikwenda kwa fundi viatu, akasimama nje na kubisha. Miaka ya kwanza hakufunguliwa. Baadaye alifunguliwa bila kusalimiwa. Mke wa fundi alizaa watoto wengine watatu, wote mikononi mwa Polepole, na hao watoto walikua wakijua kwamba siku hiyo bibi mmoja mtawa husimama mlangoni kwao, naye mama hufua kwa hasira. Mizani alipokuwa hawezi tena kutembea bila fimbo, alikuta nje ya mlango pamewekwa kiti. Alikaa. Hakuna aliyetoka kusema naye, na yeye hakuhitaji.

Aliugua mapafu, akafa tarehe tatu ya mwezi wa kumi, asubuhi, kwenye kitanda cha mwisho cha wodi ile, karibu na dirisha. Polepole alikaa naye, kiganja mgongoni. Wanasema pumzi zake ziligomagoma kisha zikatulia, na akageuza kichwa akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ndivyo kilivyo kiganja chako." Polepole akamuuliza, "Bado unanionea wivu?" Akajibu, "Sana." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, na wapo waliotaka tuyabadilishe kuwa jina la Yesu. Tumeyaacha yalivyo, kwa sababu aliyekuwapo aliapa kwamba ndiyo aliyoyasikia.

Baada ya kuzikwa, watu walianza kuja kaburini, na wengi wao walikuwa watu wa kazini: walimu, mafundi, wauguzi, mameneja wenye tai. Alikuja mkuu wa karakana moja ya magari aliyemweka fundi wake bora kwenye kazi ya kuosha vyuma kwa sababu alimwogopa. Alikuja kuomba aondolewe husuda, hakuondolewa, akarudi amekasirika; lakini njiani alijikuta akimweleza mkewe kwa kirefu vile fundi yule anavyosikiliza injini, mpaka mkewe akauliza, "Sasa kwa nini anaosha vyuma?" Wakati huu fundi yule anaongoza karakana ya pili. Muujiza ni mdogo, lakini aulizwe aliyetolewa kwenye beseni. Wapo pia wakunga, katika nyumba mbalimbali, wanaosema kwamba walipositasita nje ya mlango wa mzazi aliyenyamaza, walihisi mkono wa mtu mfupi kama yeye ukiwasukuma mgongoni waingie. Hayo tunayaandika kama tulivyoyapokea, na Kanisa litaamua.

Na wewe, ndugu msomaji, kesho utamsikia mwenzako akisifiwa kazini, na moyo utakuchoma. Usikimbilie kuuzima moto huo, wala usijifanye hukuungua. Jiulize ni kitu gani hasa alicho nacho, ukitaje kwa jina lake, kisha umpe nafasi akitumie, ukiwa na uwezo wa kumpa. Utaumia. Huyu mama aliumia maisha yake yote, na watu walizaliwa wazima kwa sababu ya maumivu hayo.

Askofu alipotuma wachunguzi kuuliza habari za utakatifu wake, walikwenda pia kwa mke wa fundi viatu, ambaye kwa wakati huo alikuwa mjane mwenye wajukuu. Walidhani atakataa kusema. Aliwakaribisha ndani, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Watoto wangu watatu wako hai kwa sababu alimpa yule sista nafasi yake. Hilo ni kweli, liandikeni. Na wa kwanza hayuko kwa sababu alimnyima. Nalo ni kweli. Mkimfanya mtakatifu, mimi sitawazuia, nami nitakuja na nguo nzuri. Lakini msimwombe yeye kabla hamjamtaja mwanangu." Wachunguzi waliona ugumu, kwa kuwa mtoto hakuwahi kupewa jina. Mama akawaambia kwamba alikuwa nalo tangu siku ile, ila hakuna aliyemuuliza. Akawanong'oneza. Kwa ombi lake hatuliandiki hapa. Linatajwa kanisani tu, kwa sauti, tarehe tatu ya mwezi wa kumi kila mwaka, kwanza la mtoto, kisha la Mama Mizani.